Dizeli Chafu Inamalizaje Injini? Hivi Ndivyo Pampu na Nozo Zinafanyanga Kazi

Majuzi nilikuwa kwa Hiace natoka Narok nikirudi Nairobi. Tukapita Mai Mahiu poa, tukaanza kupanda ule mlima. Hata hatukuwa tumeacha mbali lile kanisa dogo la Waitaliano, gari ikaanza kukohoa. Dere akashuka gia, akakanyaga mafuta mpaka chini. Gari inalia tu, haisongi. Nyuma moshi mweusi umejaa barabara, malori yanapiga honi. Dakika mbili baadaye ikazima kabisa.

Fundi alikuja na bodaboda kutoka huko chini. Hakugusa kitu kingine. Alifungua filta ya dizeli, akamwaga kilichokuwa ndani kwa chupa ya soda, akaiacha itulie kiasi. Chini ya chupa kukabaki maji. Juu dizeli, na ilikuwa inanuka mafuta taa hadi sisi tuliosimama kando tukaskia. Akamwangalia dere: "Boss, hii mliweka wapi?"

Dere akaangalia milima.

Sisi abiria tulihamishiwa gari nyingine, lakini mimi hiyo swali ilinikaa kichwani. Mafuta kidogo mabaya yanawezaje kulaza gari mzima ya three litre? Nikaanza kuuliza mafundi na kusoma, na nimegundua wasee wengi wenye magari ya dizeli hawajui ile kitu wanamiliki. Kama uko na pickup, lori ya mchanga, trakta huko ushago, jenereta, ama unapanga kuchukua loan ya sacco ununue nganya, soma hii hadi mwisho. Inaweza kukuokolea pesa ndefu.

Kwanza, dizeli haina plagi

Gari ya petroli iko na plagi. Mafuta na hewa zinachanganywa, plagi inatoa cheche, moto unawaka. Simpo.

Dizeli haina hiyo. (Zile hita plagi unaskia mafundi wakitaja ni za kupasha joto tu asubuhi ikiwa baridi, hazitoi cheche.) Sasa moto unatoka wapi?

Ushawahi kupiga upepo tairi ya baiskeli na ile pampu ya mkono? Ukipiga sana, pampu inakuwa moto chini. Hewa ukiifinya, inapata joto. Dizeli inatumia hiyo hiyo mchezo. Pistoni inapanda juu, inafinya hewa mpaka inakaa nafasi ndogo kama mara 15 hadi 20 kuliko ile ilikuwa nayo. Joto ndani ya silinda linapita nyuzi 500. Dizeli yenyewe inahitaji kama 210 hadi 250 ndio iwake bila kuwashwa na mtu. Kwa hivyo ukirusha mafuta ndani ya hiyo hewa, yanashika moto yenyewe.

Umeona hapo? Hakuna plagi ya kuamua moto uwake saa ngapi. Anayeamua ni ile kitu inarusha mafuta. Ikirusha mapema sana, injini inagonga kama nyundo. Ikichelewa, nguvu inapotea na moshi unatoka. Ikirusha mengi, mengine hayaungui. Kwa injini ya dizeli, pampu na nozo ndio plagi, ndio kabureta, ndio kila kitu.

Kazi ya nozo ni noma kuliko unavyodhani

Nozo, ama injekta, ni ile kitu imesimama juu ya kila silinda. Mdomo wake uko na vitundu vidogo. Kwa injini nyingi za kisasa kila kitundu ni kama sehemu moja au mbili za milimita ukiigawa mara kumi. Unywele wako si mwembamba sana kuliko hapo.

Sasa piga hesabu. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila nozo inarusha mafuta mara 1,000 kwa hiyo dakika. Hiyo ni kama mara 17 kila sekunde. Na kila mrusho uko na muda mfupi sana: gawanya sekunde moja vipande elfu moja, halafu uchukue viwili hivi. Hapo ndani mafuta yawe yameingia, yamesambaa na yamekatika.

Kiasi nacho? Gari ikiwa imesimama injini inanguruma pole pole, kila silinda inapewa sehemu ndogo tu ya tone moja la maji. Na lazima silinda zote nne zipewe sawa, la sivyo injini inatetemeka kama mtu ako na malaria.

Tena si kumwaga tu. Mafuta lazima yaingie kama ukungu. Kama umekulia ushago unajua ile pampu ya mgongoni ya kupiga dawa ng'ombe ama viazi. Nozo ikiwa safi, dawa inatoka kama mvuke mwepesi inafika kila mahali. Nozo ikichapa, dawa inatoka kama mkojo wa mtoto na inadondoka hata baada ya kuachilia mkono. Kwa injini ni hivyo hivyo. Tone kubwa haliungui likaisha. Linaungua nje tu, ndani linabaki kaboni, na hio ndio moshi mweusi.

Ndio upate ukungu kama huo, tena ndani ya silinda ambayo tayari iko na presha, lazima usukume kwa nguvu ya ajabu. Hapo ndipo stori yote ya dizeli iko.

Hata mwenyewe aliyeigundua ilimsumbua

Rudolf Diesel alikuwa injinia Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka wa 1858. Injini yake ilifaulu mtihani huko Augsburg mwaka wa 1897, na ilikuwa inageuza kama robo ya nguvu ya mafuta kuwa kazi. Injini za mvuke za wakati huo hazikuwa karibu hapo.

Lakini kurusha mafuta ndani kulimtesa. Ilibidi atumie hewa yenye presha kuyapuliza, na hiyo hewa ilitaka kompresa yake kubwa kando. Kwa hivyo injini ya dizeli ikabaki ya viwanda na meli. Huwezi kubeba mtambo kama huo kwa lori. Diesel alipotea usiku wa Septemba 29, 1913, akiwa kwa meli kutoka Antwerp akielekea Uingereza, na hakuwahi kuona injini yake ikitawala barabara.

Kilichoiingiza barabarani ni pampu. Mwaka wa 1927 kampuni ya Bosch ilianza kutengeneza kwa wingi pampu ndogo ya kusukuma dizeli bila kompresa. Malori yakafuata, halafu mwaka wa 1936 Mercedes ikatoa 260 D, gari ndogo ya dizeli ya kuuzia watu. Kwa hivyo ukiona trela inapanda Salama ikiwa imebeba tani kibao, shukuru Diesel, lakini usisahau pampu.

Safari ya mafuta kutoka tenki

Mafuta yakitoka tenki yanavutwa na pampu ndogo, yanapitia filta. Filta nyingi za dizeli ziko na sehemu ya chini ya kushika maji, ju maji ni mazito kuliko dizeli na yanazama. Hapo chini kuko na kibomba kidogo cha kumwaga hayo maji. Uliza madere kumi kama wanaijua.

Baada ya filta, mafuta yanaingia kwa pampu kubwa, yenye mafundi wanaita pampu ya injekta. Hapo ndio yanapewa presha, halafu yanaenda kwa nozo kupitia paipu za chuma ngumu. Yale hayajatumika yanarudi tenki kupitia laini ya returni. Shika hilo neno returni, tutalihitaji.

Injini za kitambo: chuma tupu, hakuna kompyuta

Pampu za zamani ziko aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ile ndefu ya malori, imepangwa vipistoni vidogo kwa laini, kimoja kwa kila silinda. Kila kipistoni kimechongwa mfereji wa kupinda ubavuni. Ukikanyaga mafuta, kuna chuma kinazungusha hivyo vipistoni kidogo, na vile mfereji unakaa ndio unaamua mafuta kiasi gani yataenda. Kwa hivyo ukikanyaga pedeli ya dizeli ya kitambo, hufungui hewa kama kwa petroli. Unaambia pampu iongeze mafuta.

Ya pili ni rotari, ndogo na ya mviringo. Hii iko na kipistoni kimoja kinachogawia silinda zote kwa zamu. Hiace za kitambo zenye injini ya 5L zinatumia hii.

Kwa zote mbili, nozo inafunguliwa na presha ya mafuta yenyewe. Ndani kuko na sindano iliyokaliwa na springi. Presha ikifika hapo kati ya baa 100 na 250 hivi, kutegemea injini, sindano inainuka, mafuta yanaruka, presha ikishuka inafunga. Ile "kata kata kata" unaskia lori ya kitambo ikifanya asubuhi inatokana na mafuta kuingia kwa mkupuo mmoja na kulipuka kwa mkupuo.

Hizi mashine ni ngumu kufa. Fundi wa mtaa anazijua, anafungua, anasafisha, anarudisha.

Halafu komoni reli ikaingia

Miaka ya tisini mambo ikabadilika. Denso ya Japani iliweka mfumo wa komoni reli kwa lori ya Hino mwaka wa 1995, na mwaka wa 1997 Bosch ikaingiza wake kwa gari ndogo, Alfa Romeo 156. Hiace na Hilux zimeandikwa D-4D ziko kwa hii familia.

Wazo lake ni hivi. Badala ya pampu kupatia kila nozo mafuta yake kwa zamu, pampu inajaza bomba moja nene la chuma, ndio hiyo reli, na inaliweka na presha kali saa zote. Nozo zote zinachota hapo. Na hazifunguliwi na presha tena. Zinafunguliwa na umeme, kompyuta ya gari ikisema fungua, zinafungua.

Faida ni kwamba kompyuta inaweza kugawanya mafuta. Inarusha kidogo kwanza kuanzisha moto polepole, halafu inarusha yale mengi, na wakati mwingine inaongeza kidogo mwishoni kuchoma masizi. Hiyo ndio maana dizeli za kisasa hazipigi kelele sana, zinakula mafuta kidogo na ziko na nguvu.

Presha nayo? Komoni reli za kwanza za Bosch zilifika baa 1,350. Za siku hizi zinapita 2,000. Tairi ya gari yako iko na kama baa mbili tu. Baa 1,600 ni kama uchukue Probox imejaa abiria na magunia, uisimamishe yote kwa ukucha wa kidole kimoja.

Kushika presha kama hiyo, vyuma ndani vimechongwa vikakaribiana sana, nafasi kati yao ni maikroni chache tu. Vumbi ambayo huwezi kuiona na macho, huko ndani ni jiwe.

Sasa turudi kwa mafuta taa

Hapa ndio watu wanapotezanga. Pampu za rotari na nyingi za komoni reli hazina oili yake. Kinachozilainisha ni dizeli yenyewe inayopita. Dizeli ni mafuta ya kuchoma na ni oili ya pampu kwa wakati mmoja.

Mafuta taa ni membamba na hayana utelezi kama huo. Ukiyachanganya na dizeli, gari itawaka na itatembea, ndio maana wezi wanaweza kukuuzia bila ujue. Lakini ndani chuma kinaanza kusugua chuma. Na kwa vile ni membamba, mafuta yanaponyoka pembeni ya vipistoni badala ya kusukumwa mbele. Injini ikiwa baridi na barabara ni tambarare, hutaskia. Mpelekee mlima, injini ipate joto, mafuta yawe membamba zaidi, na hapo ndipo pampu iliyochapa inashindwa kushika presha. Ndio maana ile Hiace yetu haikufa Narok. Ilingoja mlima.

Kwa komoni reli mambo inaharibika hata zaidi. Pampu ikisuguana inatoa unga wa chuma. Huo unga unaingia reli, unaingia nozo zote, halafu kupitia returni unarudi tenki. Sasa hata ukinunua pampu mpya bila kuosha tenki, paipu na reli, hiyo pampu mpya itakula huo unga na itaenda vile vile.

Maji nayo yanaleta kutu mahali ambapo hata doa la kutu ni janga.

Serikali inajua hii biashara. Kitambo mafuta taa yalikuwa bei ya chini kabisa kuliko dizeli, kwa hivyo kuchanganya kulikuwa na faida ya haraka. Septemba 2018 mafuta taa yakaongezwa ushuru wa 18 bob kwa lita kusudi hiyo mchezo isilipe. Mafuta taa pia huwekwa alama ya kemikali ndio EPRA ikipima tenki ya stesheni ijue yamechanganywa. Lakini mtungi wa kando ya barabara hakuna mtu anaupima. Na hujui umekaa wapi, umeshika maji ya nani.

Kitu kingine: tangu Januari 2015 dizeli yetu ya Afrika Mashariki ilishushwa salfa hadi sehemu 50 kwa milioni. Ni poa kwa mapafu yetu. Lakini kazi ya kutoa salfa inapunguza utelezi wa asili, kwa hivyo dizeli safi inaongezwa dawa ya kurudisha utelezi. Ukiichanganya na kitu kingine, hata hiyo dawa unaipunguza.

Soma moshi wako

Moshi mweusi: mafuta ni mengi kuliko hewa, ama nozo hazitoi ukungu. Cheki pia filta ya hewa kabla ulaumu nozo.

Moshi mweupe: mafuta yanatoka bila kuungua. Asubuhi baridi kidogo ni kawaida. Ikiendelea injini ikiwa moto, kuna shida ya taimingi, nozo ama kompresheni. Kama na maji ya redieta yanapungua, hiyo ni stori ya gaskiti.

Moshi wa bluu: unachoma oili. Hapo nozo haina makosa, usibadilishwe bure.

Na kabla fundi akwambie "nozo zote zimeenda", mwambie apime returni. Anaweka chupa nne ndogo, kila nozo na yake, injini inanguruma dakika chache. Nozo iliyochapa inajaza chupa haraka kuliko wenzake. Utaona na macho yako ni gani mbaya. Ukibadilisha, nozo nyingi za komoni reli ziko na kodi imeandikwa kichwani, na hiyo kodi lazima iingizwe kwa kompyuta ya gari. Fundi akiruka hapo, injini itatetemeka na nozo ni mpya.

Hii ni ya mafundi: chunga kidole

Kwa injini za kitambo, mafundi wana mtindo wa kulegeza nati za paipu moja moja injini ikiwa imewaka, kujua silinda gani haifanyi. Usijaribu hiyo kwa komoni reli. Usijaribu hata kuguza paipu inayovuja kwa mkono ukitafuta mahali.

Kwa hiyo presha, uzi wa dizeli unapita ngozi kama sindano. Utaona kidoti kidogo, hata damu haitoki, utasema ni kitu ndogo urudi kazi. Masaa machache baadaye mkono umefura, na dizeli ndani inaua nyama. Kuna watu wamekatwa vidole na mikono. Ikikutokea, nenda hospitali hiyo dakika, mwambie daktari wazi kwamba ni dizeli ya presha imeingia ndani. Kutafuta uvujaji tumia kipande cha kadibodi, ukiwa mbali.

Ufanye nini basi?

Weka mafuta stesheni moja unayoamini na uweke risiti. Badilisha filta kwa wakati, na usinunue ile rahisi zaidi kwa duka. Mwaga maji ya filta mara kwa mara. Usiendeshe tenki ikikauka, ju uchafu wa chini unavutwa na hewa inaingia kwa laini. Na wakikukosea wakuwekee petroli, usiwashe gari, hata ufunguo usizungushe. Sukuma kando, tenki imwagwe.

Kabla tuondoke pale mlimani, nilimskia dere akikubali kwamba alinunua kwa mitungi, akapunguziwa mbao kwa lita. Tenki ya Hiace ni kama lita 70. Yaani aliokoa 1,400. Fundi alikuwa anafuta mikono na kitambaa. Akamwambia hiyo haifikii hata nozo moja, na hapa kuna nne, pampu haijahesabiwa.

Gari ilikuwa ya mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amepiga simu mara tatu. Ya nne dere akaishika, akasonga kando ya barabara akaanza kueleza.